Kutoka Biafra hadi riwaya za kijasusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Frederick Forsyth

Tangu Frederick Forsyth, mwandishi wa habari wa Uingereza aliyegeuka mtunzi wa riwaya za kijasusi, afariki dunia mwaka 2025, maswali haya yamekuwa yakijirudia, hasa kutoka kwa vijana wanaosomea uandishi wa habari na kwa watu wazima waliokulia kwenye riwaya za Willy Gamba. Nimeyaweka jinsi yanavyoulizwa. Atakayekutana na mwisho wa kitabu ambacho hajakisoma anisamehe, kwa sababu baadhi ya majibu hayawezi kutolewa bila kuugusa.

Forsyth alikuwa nani kabla ya kuwa mtunzi?

Alizaliwa Ashford, katika jimbo la Kent, Uingereza, mwaka 1938. Katika utumishi wa lazima jeshini alirusha ndege za kivita aina ya Vampire. Alipotoka huko akajifunza uandishi katika gazeti la mkoani Norfolk, akiandika habari za mahakama na vikao vya halmashauri, kazi ambayo waandishi wengi huidharau. Mwaka 1961 aliingia shirika la habari la Reuters, likampeleka Paris, kisha Berlin Mashariki. Mwaka 1965 akahamia BBC, na miaka miwili baadaye BBC ikamtuma kwenye vita iliyomvurugia ajira na, bila mwenyewe kujua, ikamfungulia riziki ya maisha yake yote. Alifariki tarehe 9 Juni 2025 akiwa na miaka 86.

Biafra ilikuwa nini, na yeye aliingiaje?

Mwaka 1966 maelfu ya Waigbo waliuawa kaskazini mwa Nigeria, na walionusurika wakakimbilia kwao mashariki. Tarehe 30 Mei 1967 Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu alitangaza kwamba eneo hilo limejitenga na sasa ni nchi inayoitwa Biafra. Mwezi Julai vita vikaanza. Forsyth alipelekwa siku za mwanzo, huku London ikiamini kwamba majeshi ya serikali ya shirikisho yangemaliza kazi upesi na mwandishi angerudi nyumbani na taarifa zake chache.

Mambo hayakwenda hivyo. Vita viliendelea hadi Januari 1970. Alichokiona kijana huyo hakikufanana na kilichokuwa kikitumwa London na maofisa wa Uingereza walioko Lagos. Uingereza ilikuwa ikiiuzia Nigeria silaha, na mafuta ya mashariki yalikuwa sehemu kubwa ya hesabu zake. BBC ilimrudisha nyumbani. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoomba kurudi vitani aliambiwa waziwazi kwamba shirika halikuwa na mpango wa kuvifuatilia vita vile. Akaacha kazi mwaka 1968, akarudi Biafra kama mwandishi wa kujitegemea. Hakuwa na mshahara wala ofisi, wala mhariri wa kumpigia simu akikwama.

Katikati ya mwaka huo njaa ikapamba moto. Biafra ilikuwa imezingirwa pande zote, chakula hakiingii, na picha za watoto wenye matumbo yaliyovimba na nywele zilizobadilika rangi zikaanza kuonekana kwenye magazeti ya Ulaya. Misaada ilipitia Uli, ambapo kipande cha barabara kuu kilipanuliwa kikafanywa uwanja wa ndege. Ndege zilitua usiku tu. Taa za njia ziliwashwa kwa muda mfupi rubani aione ardhi, kisha zikazimwa, kwa sababu juu kulikuwa na ndege ya adui ikisubiri kudondosha mabomu. Mtu aliyeishi katika mazingira hayo hahitaji kusoma vitabu vya watu wengine ili aelewe magendo ya silaha, mamluki, hati bandia na marubani wasiouliza maswali. Aliwaona wakinywa bia.

Tanzania ilihusika?

Ndiyo, na vijana wengi hawajui. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Zikafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia. Uamuzi huo uliwashangaza wengi kwa sababu Mwalimu Nyerere, aliyeziunganisha Tanganyika na Zanzibar miaka minne tu kabla, alijulikana kama muumini mkubwa wa umoja wa Afrika. Hoja yake ilikuwa kwamba umoja hujengwa kwa ridhaa, na kwamba watu wasio na usalama ndani ya nchi hawawezi kulazimishwa kwa bunduki waione kuwa yao. Mpaka leo kuna wanaoona alikosea. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba msimamo wa Forsyth, uliomfanya aonekane mtu wa ajabu London, haukuwa wa ajabu kabisa Dar es Salaam.

Je, aliegemea upande mmoja?

Aliegemea, tena bila kujificha. Alikuwa rafiki wa Ojukwu. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1969 na ambacho si riwaya, kinaitetea Biafra kuanzia ukurasa wa mwanzo, na mwaka 1982 aliandika pia wasifu wa Ojukwu. Wanaijeria wengi waliopigania upande wa shirikisho hawajawahi kumsamehe, na wana hoja: ukimsoma yeye peke yake huwezi kujua kwamba ndani ya mipaka ya Biafra kulikuwa na makabila madogo ambayo nayo yalikuwa na hofu zao.

Mimi namtetea nusu. Alisema watoto wanakufa njaa wakati wakubwa wa nchi yake walikuwa wakipunguza uzito wa habari hiyo, na watoto walikuwa wakifa kweli. Lakini mwandishi aliyekwisha kuchagua upande hubaki na milango miwili, ama siasa ama hadithi, kwa sababu chumba cha habari hakitamwamini tena.

Kwa nini akaandika riwaya?

Hela. Jibu hili huwakera wanaotaka kusikia habari za wito na kipaji, lakini mwenyewe alilirudia maisha yake yote. Alirudi London mwishoni mwa vita akiwa hana kazi, hana nyumba na hana akiba, analala kwa marafiki. Hakuna ofisi ya habari iliyokuwa tayari kumchukua. Januari 1970 akaketi na taipureta, na kwa siku 35 akaandika muswada wa *The Day of the Jackal*, riwaya ya muuaji anayekodiwa kumuua Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa. Hakuwahi kuandika hadithi kabla ya hapo.

Siku 35 huwashangaza watu, na nadhani hushangaa upande usiohitaji kushangaliwa. Utafiti wote alikuwa ameshaufanya tangu 1962, akilipwa na Reuters.

Hiyo Reuters ya Paris inahusiana vipi na kitabu?

Inahusiana kwa kila kitu. Alifika Paris wakati Ufaransa inatoka Algeria, na kundi la OAS, lililojaa wanajeshi waliomwona Rais Charles de Gaulle kuwa msaliti, lilikuwa linamwinda. Tarehe 22 Agosti 1962 walimvizia Petit-Clamart, nje kidogo ya Paris, wakaimiminia risasi gari yake ya Citroën DS. Matairi yalipasuka, dereva akaendelea kukanyaga mafuta, na rais na mkewe wakatoka bila jeraha. Kiongozi wa shambulio hilo, Jean Bastien-Thiry, alipigwa risasi na kikosi cha serikali Machi 1963.

Kazi ya kijana wa Reuters ilikuwa kumfuata de Gaulle kila aendako, kwa sababu akiuawa shirika lilitaka kuwa la kwanza kutangaza. Maana yake ni saa nyingi za kusimama nje ya majengo pamoja na walinzi wa rais, kuvuta sigara nao, kuwasikiliza wakilalamika. Huko ndiko alikopata wazo: OAS haiwezi kumuua kwa sababu idara za usalama zina majina yao yote na zimeshapenyeza watu wao humo. Wangefanikiwa tu kama wangemkodi mgeni asiye na faili popote. Wazo hilo ni la ripota aliyechoka kusubiri barabarani.

Inasemekana wachapishaji walimkataa. Kwa nini?

Kadhaa walimkataa, na sababu yao ilikuwa na mantiki: de Gaulle yu hai, kila mtu anajua, sasa msomaji atakuwa na wasiwasi gani? Hutchinson ndio waliothubutu, kitabu kikatoka mwaka 1971. De Gaulle mwenyewe alishafariki Novemba 1970, nyumbani kwake, kwa maradhi.

Waliokataa walidhani swali la kitabu ni kama rais atakufa. Swali ni jinsi kazi inavyofanyika. Muuaji anakwenda kwa fundi wa bunduki Brussels, anaeleza bunduki anayoitaka ikunjike namna gani, analipa, anaondoka nayo hadi msitu wa Ardennes, analitundika tikiti mtini, anapiga, anarekebisha darubini kwa bisibisi, anapiga tena. Hakuna hisia, hakuna muziki. Imeandikwa kama taarifa ya polisi, na usiku wa manane unajikuta bado unasoma, ukiwa na wasiwasi juu ya mtu ambaye unajua kabisa hatafanikiwa.

Mbinu ya pasipoti iliyomo kitabuni ilikuwa ya kweli?

Ilikuwa ya kweli. Muuaji anatafuta kaburi la mtoto aliyezaliwa miaka inayokaribiana na yake, anaomba nakala ya cheti cha kuzaliwa, kisha anaombea pasipoti kwa jina la marehemu. Wakati huo rejesta ya vizazi na ya vifo hazikuwa zikilinganishwa. Serikali ya Uingereza ilichukua miongo kadhaa kuliziba tundu hilo, na hadi leo utapeli wa namna hiyo unatajwa kwa jina la kitabu.

Kuna kitabu chake kilichowahi kugusa maisha ya watu halisi?

*The Odessa File* ya mwaka 1972. Mhusika mkuu ni ripota wa kujitegemea wa Hamburg, na anayewindwa si wa kubuni: Eduard Roschmann, aliyekuwa mkuu wa kitongoji walimofungiwa Wayahudi mjini Riga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Roschmann alikuwa hai, amejificha Amerika Kusini. Kitabu kikasomwa, filamu ikatoka mwaka 1974, jina lake likarudi midomoni mwa watu. Alifia Paraguay mwaka 1977, mtu wa kukimbia-kimbia mpaka mwisho.

Kingine kinachotajwa ni riwaya yake ya mamluki ya mwaka 1974, kuhusu kundi linalokodiwa kuipindua serikali ya nchi ndogo ya Afrika Magharibi yenye utajiri ardhini. Mwezi Machi 2004 ndege iliyobeba mamluki ikakamatwa Harare ikiwa safarini kuelekea Guinea ya Ikweta, na karibu kila gazeti likamkumbuka Forsyth.

Ni kweli alijifanya mnunuzi wa silaha?

Kwa simulizi yake mwenyewe, ndiyo. Alipokuwa akitafiti hiyo riwaya ya mamluki alikwenda Hamburg akijitambulisha kama mtu wa Afrika Kusini anayetafuta mzigo. Mmoja wa wauza silaha akapita mbele ya dirisha la duka la vitabu, akaiona tafsiri ya Kijerumani ya *The Day of the Jackal* pamoja na picha ya mtunzi. Forsyth alipigiwa simu kuonywa, akaondoka hotelini mbiombio, akadandia treni. Alipenda kulisimulia hili, na simulizi za mtu anayejua kusimulia zipokee kwa tahadhari kidogo. Ila inaonyesha tabia yake: hakuwa anabuni pale ambapo angeweza kwenda kuuliza.

Je, naye alikuwa jasusi?

Kwa miaka mingi alikwepa swali hili. Mwaka 2015, katika kitabu cha kumbukumbu zake, akakiri kwamba aliifanyia kazi idara ya ujasusi ya Uingereza, MI6, kwa zaidi ya miaka 20, bila mshahara. Ilianzia Biafra. Idara ilikuwa inahitaji macho ndani ya eneo lililozingirwa, na yeye alikuwa tayari yumo. Baadaye akatumwa sehemu nyingine, ikiwemo Dresden mwaka 1973, ndani ya Ujerumani Mashariki, ambako anasema alipokea kifurushi chooni mwa jumba la makumbusho, akarudi nacho mpakani akiwa amekificha kwenye gari lake.

Wasomaji wake wengi walifurahi waliposikia. Mimi sikufurahi, na nitaeleza kwenye swali linalofuata.

Kuna ubaya gani mwandishi wa habari akiisaidia nchi yake?

Ubaya haumpati yeye. Unampata mwenzake. Kila mara inapojulikana kwamba ripota fulani alikuwa shushushu, mwanajeshi aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani anapata sababu ya kumshuku ripota anayekuja nyuma, na mara nyingi anayekuja nyuma ni mwandishi mwenyeji, mwenye pasipoti ya hapo hapo, asiye na ubalozi wa kumtoa rumande. Anayelijua neno "jasusi" linavyotamkwa kwenye vizuizi vya Kivu ya Kaskazini hatanibishia.

Mfano mbaya kuliko wote ni Kim Philby. Aliandikia gazeti la *The Times* kutoka upande wa Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, huku akiitumikia Moscow kwa siri, na baadaye akaishi Beirut akiandikia *The Observer* na *The Economist* mpaka alipotoroka Januari 1963. Marekani nako uchunguzi wa Bunge wa miaka ya 1970 ulifichua jinsi CIA ilivyowatumia waandishi, na mwaka 1976 shirika hilo likatangaza kwamba halitawaajiri tena wanahabari wenye vitambulisho vya vyombo vya Marekani.

Forsyth alijitetea kwamba lengo lake lilikuwa serikali ya London ijue ukweli wa njaa ya Biafra. Nalielewa hilo la Biafra. La Dresden alikwenda akiwa mtunzi, si ripota, kwa hiyo nalo namwachia. Lakini mlango ulifunguliwa wakati bado anabeba kalamu ya gazeti.

Kuna wengine waliopita njia hiyo?

Wapo wengi. Gerald Seymour alikuwa ripota wa televisheni ya ITN, akaripoti Ireland ya Kaskazini na mauaji ya Olimpiki ya Munich ya 1972, kisha mwaka 1975 akatoa riwaya ya Belfast iliyomfanya aache habari. Graham Greene alienda kinyume: aliitumikia MI6 huko Freetown, halafu akaripoti vita vya Wafaransa Vietnam, na riwaya yake ya Saigon ya 1955 ikatoka humo.

Anayenivutia zaidi ni David Ignatius. Alikuwa mwandishi wa *The Wall Street Journal* Mashariki ya Kati kuanzia 1980. Tarehe 18 Aprili 1983 alikuwa ndani ya ubalozi wa Marekani Beirut, akatoka, na muda mfupi baadaye bomu likaulipua. Waliokufa walikuwa 63, miongoni mwao Robert Ames, ofisa wa CIA aliyekuwa amejenga mawasiliano ya siri na Wapalestina. Ignatius akaendelea kuchimba, watu wakamweleza mengi, na mengi hayo hayakuweza kuandikwa gazetini bila kuwaponza waliomweleza. Mwaka 1987 yakatoka kama riwaya. Kwake hadithi ilikuwa njia ya kulinda vyanzo. Kwa Forsyth ilikuwa njia ya kulipa kodi ya nyumba.

John le Carré, yule mtunzi mwingine wa riwaya za kijasusi, naye alikuwa mwandishi wa habari?

Hapana. Alikuwa ofisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, kisha MI6.

Kiswahili kina riwaya za aina hii?

Kinazo, na zina mizizi yake. Elvis Musiba alimuumba Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania, katika miaka ya 1970, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU na jiji limejaa wapigania uhuru na wanaowapeleleza. Ben Mtobwa, mwandishi wa habari na mchapishaji aliyefariki 2008, akatuletea Joram Kiango. Adui kwenye vitabu vyao mara nyingi ni Makaburu, si Warusi. Kinachokosekana bado ni riwaya ya ripota wetu aliyeripoti vita na kurudi nayo. Waandishi waliofuatilia Rwanda ya 1994, Burundi na Kongo mashariki kwa Kiswahili wapo, na madaftari yao yapo kabatini.

Nimeripoti vita. Nianzie wapi?

Anza na kazi, usianze na mhusika. Andika jinsi jambo fulani linavyofanyika: dhahabu inavyovushwa ziwani, kibali cha kusafiri kinavyopatikana, nani hulipwa na kwa noti za nchi gani. Msomaji akishakuamini kwenye bei ya mafuta ya boti, atakuamini kwenye mauaji.

Pili, linda watu. Kubadili jina peke yake hakusaidii kama umeacha kilema cha mguu, duka la shemeji na mtaa anaoishi. Changanya watu watatu wawe mmoja, hamisha mji, badili mwaka. Aliyekuambia siri ukiwa ripota hakukuruhusu uiuze ukiwa mtunzi.

Tatu, soma mkataba wako wa kazi kabla hujagusa madaftari ya safari ulizolipiwa na mwajiri.

Nisome kipi kwanza?

*The Day of the Jackal*, bila kubishana. Kisha kitabu chake cha Biafra, ukiwa na kalamu ya kupinga pembeni, na ikiwezekana kumbukumbu za Mnaijeria aliyekuwa upande wa pili. Kumbukumbu zake za 2015 zisome mwisho. Riwaya za miaka yake ya uzeeni unaweza kuziruka. Utafiti bado upo, ila watu waliomo ndani wamegeuka mbao.